Mnaosema huku tunasomea kunywa bia, someni hapa kwanza

Wadogo zangu, ujumbe umekuwa mwingi na karibu wote unasema jambo moja: kwamba kozi ya kutengeneza bia hapa Kanada ni starehe tupu, darasa zima ni Wazungu wenye ndevu, mnaonja tangu asubuhi, na ukimaliza unakabidhiwa kiwanda. Mmoja wenu ameshaanza kukopa nauli. Nani anawalisha maneno haya? Kabla hamjamlipa wakala yeyote, nisikilizeni.

Kuhusu ndevu, zipo. Mengine ni porojo.

Darasa la kozi hii ni mchanganyiko ambao huwezi kuukuta kwenye uhasibu wala uuguzi. Meza moja utakaa na kijana aliyetoka sekondari juzi na mama aliyeacha kazi ya benki akiwa na wajukuu. Utakuta mpishi, fundi bomba, mwanajeshi mstaafu, mwenye digrii ya kemia aliyechoshwa na maabara za dawa, mtoto wa mkulima wa shayiri, na wageni kutoka India, Brazili, Meksiko na kwetu Afrika. Watu wanalipenda hilo kwenye picha za matangazo. Kwenye sakafu yenye maji, mchanganyiko huo una ukali wake, kwa sababu kila mtu anakuja na alichonacho mkononi na wewe utaulizwa cha kwako.

Fundi bomba ndiye mfalme wa miezi ya mwanzo. Anajua pampu isiwashwe kavu, anajua gasketi iliyokunjika itavujisha hata ukikaza klempu mpaka vidole viume, anajua vali ipi ifunguliwe kwanza. Mkemia anang'aa wiki ya maji na pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi. Mpishi ana pua na ana saa kichwani. Ukija na cheti kizuri huku hujawahi kushika spana, utajifunza unyenyekevu haraka, tena utajifunzia kwa mtoto wa miaka kumi na tisa.

Aliyeniambia anakimbilia huku kukwepa hesabu, pole sana mdogo wangu. Kipimo cha pH chenyewe kilibuniwa mwaka 1909 na Sørensen, kwenye maabara ya Carlsberg kule Copenhagen. Jaribio la t ambalo wanafunzi wa takwimu hulilia lilitungwa na William Gosset, mwajiriwa wa Guinness mjini Dublin, akalichapisha mwaka 1908 kwa jina la "Student". Umekimbilia nyumbani kwa hesabu. Utahesabu seli za hamira kwenye darubini: bia ya kawaida ya hamira inayochachusha juu ya tangi huhitaji kati ya laki saba na nusu na milioni moja kwa kila mililita, mara kila digrii ya Plato, yaani kipimo cha sukari iliyoyeyuka. Maji ya kimea yakiwa na digrii 12, hiyo ni milioni 9 hadi 12 kwa mililita. Ukiweka pungufu, uchachushaji unasuasua na vijidudu vingine vinapata nafasi. Na ukimimina hamira wakati maji bado yana nyuzi 30 kwa sababu kikundi chenu kina haraka ya kwenda nyumbani, mtapata alkoholi nzito zinazounguza koo.

Vipimo navyo ni vurugu ya aina yake. Aliyejifunzia nyumbani kutoka vitabu vya Marekani anasema Farenhaiti, pauni na galoni. Mwenye mafunzo ya Kijerumani anasema Plato. Wewe unasema selsiasi na kilo. Pipa la bia la Kimarekani ni lita 117 hivi, hektolita ni lita 100, na mtu akisema "weka mia na hamsini na mbili" anamaanisha nyuzi 67 za selsiasi, siyo kosa la ulimi. Andika namba pamoja na kipimo chake kila mara, hata kama wenzako wanakucheka. Kikundi ambacho hakiandiki ndicho humaliza siku na bia ambayo hakuna anayejua ilitokea vipi.

Sasa nije kwenye kidonda, maana ndicho kimewafanya wengi wa kwetu warudi kimya au wabadili kozi. Kozi hii ni kuosha. Kupika kwenyewe ni masaa sita mpaka nane, na sehemu kubwa ya masaa hayo umeshika mpira wa maji, brashi au koleo. Kilo mia za kimea kikavu huacha machicha yenye uzito huohuo au zaidi, yanafuka mvuke, na lazima mtu ayakokote kwa mkono yatoke mlangoni mwa tangi. Ukiwa umekulia nyumba ambayo kazi hizo ni za dada wa kazi, siku hiyo utajisikia umedhalilishwa mbele ya watu. Jikaze. Yule mwenye digrii ya kemia naye anakokota.

Tena kuosha huku siyo kupitisha dekio. Tangi la kuchachushia huoshwa hivi. Kwanza toa gesi yote ya kabonidayoksaidi na ufungue tundu la hewa juu. Hatua hiyo ndiyo wageni huiruka. Suuza kwa maji ya vuguvugu mpaka mashapo ya hamira yaishe. Kisha zungusha kostiki (sodiamu haidroksaidi, dawa kali inayounguza ngozi) ya asilimia mbili, yaani kilo mbili hivi kwa lita mia za maji, kwenye nyuzi 60 hadi 70, kwa nusu saa. Kostiki ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Ukimimina maji juu ya kostiki, itachemka ghafla na kukurukia usoni. Suuza tena, upime kwa karatasi ya pH mpaka maji yanayotoka yafanane na yanayoingia. Halafu asidi ya kuondoa ukoko wa chokaa, suuza, na mwisho dawa ya kuua vijidudu, asidi ya perasetiki ya miligramu 100 hadi 200 kwa lita. Asidi isikutane na dawa yenye klorini hata kidogo, itatoa gesi ya sumu.

Kwa nini nang'ang'ania tundu la hewa? Gesi iliyobaki tangini humezwa na kostiki, au mvuke wa moto hukutana na maji baridi ya kusuuza, na ndani panabaki utupu. Hewa ya nje inalibonyeza tangi la chuma likakunjamana kama kopo la soda. Halirekebishiki. Bei yake inazidi ada yako ya muhula, na kila mtu chuoni atajua ni kikundi gani. Na kamwe usiingize kichwa tangini kuangalia kama ni safi: gesi ile ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, na pumzi mbili tatu zinatosha kukuangusha. Anayekufuata kukuokoa bila kifaa cha hewa huanguka juu yako.

Kwa hiyo nasema: ukipewa brashi, ishike bila kununa. Waajiri wa baadaye wanaanza kwa kukutazama unavyosuuza mpira wa maji na kuutundika.

Lakini nasema pia, usikubali kuwa mwoshaji wa kudumu. Sikilizeni vizuri hapa. Katika kikundi cha watu watano, mwenye lafudhi ngeni na mwenye haya husukumwa pole pole kwenye kuosha na kuandika daftari, huku waliozoeana wakibaki na jiko na darubini. Mara nyingi hakuna mwenye nia mbaya. Wanapeana wanachokiweza, na wewe umenyamaza. Mwisho wa muhula mtihani unakuuliza kwa nini maji ya kimea hayakuchujika, na wewe siku hiyo ulikuwa stoo unaosha ndoo. Dawa yake ni moja: asubuhi kabla ya kusaga kimea, andika ubaoni nani yuko kinuni, nani yuko kwenye tangi la kuchanganyia, nani maabara, nani usafi, na zamu zizunguke kila mpiko. Pendekeza wewe. Wenzako wengi watafurahi, hasa yule mama wa benki ambaye naye anasukumwa.

Na hilo la maji kutochujika, nilieleze kabisa maana linatokea kila mwaka. Mtu aliyezoea mashine ya unga anadhani kimea kikisagwa laini ndiyo sukari itatoka nyingi. Anabana roli za kinu. Maganda yanasagika, na maganda ndiyo chujio lenyewe. Yakishakuwa unga, chini ya tangi panaziba na pampu inazidi kukandamiza. Msiongeze kasi ya pampu. Funga vali, pitisha maji ya nyuzi 76 kutoka chini yainue ule mchanganyiko, ukate kwa reki taratibu, upumzike dakika kumi, uanze tena kwa mkondo mwembamba. Ukitumia ngano nyingi ambayo haina maganda, changanya maganda ya mpunga mapema.

Darasa la kuonja ndilo mnalolitamani. Ni vikombe vidogo, kimya, bila manukato wala kahawa kabla, na unapewa glasi tatu utaje iliyo tofauti. Tatizo la sisi wageni ni kwamba kasoro zimepewa majina ya utoto wa watu wengine: bia iliyopigwa na mwanga wanasema inanuka kama skanki, mnyama ambaye hujawahi kukutana naye. Usiitikie kwa aibu. Omba sampuli iliyotiwa kasoro hiyo makusudi, inuse, uipe jina lako mwenyewe daftarini, kisha kando yake uandike jina la darasani. Kwenye mtihani unaandika la darasani, puani unatumia lako. Wenzenu wa India na Meksiko huwa na orodha zao pia, na mkilinganisha mnajifunza kuliko kwenye slaidi za mwalimu.

Karatasi za uhamiaji, kwa kifupi, maana hapo ndipo usawa wa darasani unapoishia. Mwenzako mwenyeji ataosha mapipa kwenye kiwanda cha jirani masaa anayotaka. Wewe, tangu Novemba 2024, mwisho wako ni masaa 24 kwa wiki nje ya chuo wakati wa masomo. Kibali cha kazi baada ya kuhitimu nacho, kwa kozi za diploma, kinategemea kama fani yako imo kwenye orodha ya serikali, pamoja na mtihani wa lugha. Orodha hubadilika. Kiulize chuo namba rasmi ya kozi, ukaitafute mwenyewe kwenye tovuti ya uhamiaji. Usimwachie wakala, yeye analipwa ukishapanda ndege.

Je, msije? Njooni, ila mje mkijua. Aliye na kazi nzuri huko asiiache kwa ajili ya hii. Aliye na ufundi wa kuchomelea, umeme au bomba, huyo namsukuma kabisa aje, atawaacha wengi nyuma.

Na wewe uliyeuliza kwa siri kama asiyekunywa pombe anaweza kusoma: anaweza. Kasoro nyingi hukamatwa kwa pua, na kutema kunaruhusiwa ukieleza mapema. Mwandikie mratibu wa kozi kabla ya kulipa, umwombe akujibu kwa maandishi utapimwaje kwenye somo la kuonja, na jibu hilo ulihifadhi.