Sindano ya mgongo, epidurali au nusu kaputi? Majibu kwa wasomaji

Nimepangiwa kujifungua kwa upasuaji. Kwa nini wasinipige nusu kaputi nisione chochote?

Mama, ukiwa macho unalinda njia yako ya hewa mwenyewe. Kwa mjamzito aliyelazwa usingizi, chakula hupanda kirahisi kutoka tumboni na kuingia mapafuni. Kwa sindano ya mgongo utaketishwa umeinama kama anayechambua mchele, uchomwe kiunoni, chini ya mahali uti wa mgongo unapoishia. Ndani ya dakika 5 hivi miguu inapata joto, kisha inakuwa mizito. Utahisi kuvutwavutwa tumboni, si maumivu. Ukisikia kichefuchefu sema hapohapo, maana mara nyingi ni presha inashuka, na dawa yake ipo mezani.

Epidurali ina tofauti gani?

Sindano ya mgongo huingia kwenye maji yanayozunguka mishipa ya fahamu: mara moja, saa mbili hivi, basi. Epidurali huishia nje ya utando unaoshika maji hayo. Huachwa mrija mwembamba, ganzi huchukua dakika 15 hadi 20, na dawa huongezwa kadiri uchungu unavyoendelea. Lakini inataka mtu wa kukufuatilia muda wote, na leba zetu nyingi mkunga mmoja ana wazazi kadhaa. Kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutoipata, kuliko bei.

Mama mkwe anasema sindano ndiyo iliyoniharibia kiuno.

Mwambie kwa heshima kwamba palipochomwa huuma siku chache tu. Kiuno cha miezi mara nyingi ni cha mimba yenyewe na kumbeba mtoto. Cha kuangalia ni kichwa: kinachogonga ukikaa, kinachotulia ukilala, siku moja hadi tatu baadaye. Ni maji yanayovuja kwenye tundu la sindano. August Bier, daktari wa Kiel, Ujerumani, alijichomesha mwaka 1898 na kichwa kikamlaza siku kadhaa. Sindano za leo ni nyembamba mno, hivyo hutokea kwa wachache. Kikizidi, rudi, tundu hilo huweza kuzibwa kwa damu yako mwenyewe. Homa, shingo kukakamaa au miguu kukosa nguvu, usisubiri kesho.

Baba anapasuliwa mkono. Naye mgongoni?

Hapana, ganzi yake huchomwa kwapani au juu ya mtulinga. Kama anameza dawa za kuzuia damu kuganda, mtaalamu wa usingizi aambiwe kabla ya siku ya upasuaji.