Wanafunzi wanasinzia kwenye historia ya sanaa za maonyesho, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu mpya kwenye chuo kimoja hapa Morogoro, nimepewa somo la historia ya sanaa za maonyesho kwa mwaka wa kwanza. Wanafunzi wangu kwenye kipindi cha uigizaji ni moto kabisa ila wakiingia historia wanasinzia, wengine wako kwenye simu, na mmoja kaniuliza wazi wazi Wagiriki wa zaidi ya miaka 2,400 iliyopita wanamsaidia nini yeye anayetaka kuigiza kwenye tivii. Silabasi inaanza Ugiriki, inaenda Roma, inaenda Uingereza, Afrika inakuja wiki za mwisho tena haraka haraka. Nifanyeje?
Mwalimu kijana, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi. Kwanza hao watoto usiwaone wavivu. Mtu aliyechagua kuigiza anajifunza kwa mwili na sauti, sasa wewe umemkalisha kwenye kiti saa mbili anaangalia slaidi za projekta, unategemea nini? Watoe nje.

Nikupe mfano mmoja niliouona unafanya kazi kila mara. Siku ya Shakespeare usianze na maisha yake, wapeleke uwanjani saa nane mchana jua likiwa kali. Waambie ukumbi wa Globe pale London ulijengwa 1599, katikati haukuwa na paa, maonyesho yalikuwa mchana kwa mwanga wa jua, na waliolipa peni moja walisimama chini mbele ya jukwaa. Halafu wape kipande cha kesi kutoka Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare kwenye ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969, maana ni Kiswahili kitamu na kinasemeka. Nusu ya darasa isimame karibu kabisa na waigizaji, ruksa kula karanga, ruksa kuguna na kuzomea. Sasa mwambie yule mwenye ndoto za tivii aseme maneno yake kwa sauti ya chini kama anavyofanya mbele ya kamera. Hatasikika hata mstari mmoja! Hapo hapo wataanza kuulizana wenyewe kwa nini hotuba ni ndefu hivi, kwa nini mhusika anageuka kuongea na watazamaji, kwa nini kwenye tamthilia zile mtu anatangaza kwamba ni usiku, maana jua linawaka na asiposema hakuna atakayejua. Na Portia, yule mwanamke anayetetea kwenye kesi hiyo, mpe kijana wa kiume, kwa sababu enzi hizo wanawake hawakuruhusiwa jukwaani, kwa hiyo ilikuwa ni mvulana anaigiza mwanamke ambaye naye anajifanya wakili mwanaume, na mtoto akishaibeba hiyo mwenyewe ataelewa raha waliyokuwa wanaipata watazamaji wa siku zile kuliko kurasa kumi za notsi. Ukimaliza ndio unawapa mwaka 1613, mzinga ulipigwa kwenye onyesho, cheche ikashika paa la nyasi, ukumbi wote ukateketea. Hiyo tarehe hawataisahau.

Ninachokuomba ni kwamba kila mada uipitishe kwenye maswali yale yale: nani alilipa, watazamaji walikaa wapi, mwanga ulitoka wapi, na nani alikuwa na nguvu ya kulifungia onyesho. Majina na miaka vitaingia humo humo na vitakaa.

Kuhusu mpangilio, silabasi inakuambia ufundishe nini, mara nyingi haikufungi kuanza na kipi, kaongee na mkuu wa idara yako. Mimi naanza na beni. Hii ngoma ilizaliwa pwani ya Kenya, Mombasa na Lamu, mwishoni mwa karne ya 19, ikasambaa mpaka Dar, Tabora na kwingine, watu wanavaa sare kama za maofisa, wanapeana vyeo vya kizungu, wanapiga gwaride na mabrasi, na wamegawanyika pande mbili, Marini na Arinoti, kila upande unataka kumfunika mwenzake kwa mavazi, kwa nyimbo, hata kwa karamu. Wape wanafunzi nusu saa watengeneze Marini na Arinoti wao hapo chuoni. Watacheza kwa nguvu kweli kweli, kisha uwaulize, mtu aliyetawaliwa anavaa vyeo vya mtawala, anamsifu, anamkejeli, au vyote kwa pamoja? Nimeona darasa likibishana juu ya hilo mpaka kengele inalia, na hiyo ndio historia yenyewe, hawajafungua kitabu bado.

Kutoka hapo nenda kwenye vichekesho, vile visivyo na skripti, halafu usiku wa vikundi vya Dar, Muungano na TOT (Tanzania One Theatre), kikundi kile kilichoanza 1992 mwaka uleule wa vyama vingi, mtu analipa kiingilio mara moja anapata ngoma, sarakasi, kichekesho, mchezo wa kuigiza na taarabu yenye mipasho. Wazazi wa wanafunzi wako wengine walikuwepo kabisa kwenye hizo kumbi.

Halafu Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, 1969. Mwandishi mwenyewe ni mtu wa Kilwa, na vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilianzia kwenye vilima vya Matumbi, sio mbali na kwao. Kinjikitile wa kweli, yule mganga wa maji ya vita hivyo ambaye tamthiliya imepewa jina lake, Wajerumani walimnyonga mapema kabisa, Agosti 1905. Usiwaambie tu kwamba ni tamthiliya ya ukombozi, wachezeshe ile sehemu watu wanasubiri Kinjeketile atoke mtoni, darasa zima liwe umati, wasubiri kweli, kimya kirefu. Kisha waulize kwa nini kijana wa 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, nchi imejaa imani, aliandika juu ya kiongozi anayeanza kulionea shaka neno lake mwenyewe.

Na tafadhali, Kamiriithu usiiruke, kile kituo cha jamii kijijini Kenya. Limuru, 1977, wakulima na wafanyakazi wa viwandani walijenga jukwaa la wazi lenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000, vijana wakaanza kuuchora mchoro wake kwa kupanga njiti za kiberiti chini. Mazoezi yalikuwa Jumamosi na Jumapili mchana, kwa sababu ndio muda watu hawako kazini, tena hadharani, anayepita anasimama anakosoa, kwamba mzee hasalimii hivyo, jaribu tena. Tamthilia yao, Ngaahika Ndeenda (Nitaolewa Nikitaka) ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, ilifunguliwa Oktoba, Novemba serikali ikafuta kibali, tarehe 31 Desemba Ngugi wa Thiong'o akakamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima, na 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Mimi kila nikifika hapa naumia. Mwanafunzi anayejua haya hawezi tena kukuuliza historia inamsaidia nini, maana ameona kwamba kazi anayoisomea iliwahi kuogopwa na serikali nzima.

Baada ya hapo ndio mwende Athens, kwa Wagiriki, na utashangaa walivyochangamka. Ila hapa kuna mtego, usiwaambie korasi ya Kigiriki, lile kundi linaloimba na kucheza pamoja ndani ya tamthilia, ni sawa tu na ngoma yetu, sio sawa. Kule korasi walikuwa raia wanaume, tajiri mmoja wa mji alipewa jukumu la kugharamia mazoezi na mavazi yao, na onyesho lilikuwa mashindano yenye majaji kwenye sikukuu ya mungu wao Dionisio. Wanafunzi waliotoka kwenye Marini na Arinoti watalielewa shindano haraka, kisha watafute wenyewe kinachotofautiana.

SWALI: Mimi nafundisha sekondari Mombasa, nasimamia pia klabu ya drama. Nina wanafunzi 70, hatuna ukumbi wala barakoa wala taa. Hayo ya Wagiriki yanawezekana kweli?
Mwalimu, Mombasa

JIBU: Yanawezekana sana mwalimu, na wala hukosi kitu cha lazima. Wagiriki waliigiza nje mchana, watazamaji wakiwa mlimani, ule ukumbi wa Epidaurus unachukua watu karibu 14,000 na hakuna spika. Tafuta mteremko wowote hapo shuleni, hata ngazi za darasani. Tanzia ilikuwa na waigizaji watatu tu wanaobadilishana nafasi zote, na korasi ya watu 15 tangu enzi za Sophocles, mwandishi wao wa tanzia, kwa hiyo 70 wako ni makundi matatu ya watu 18, na 16 wanaobaki wawe majaji. Barakoa, maana waigizaji wao walizivaa, kata kwenye maboksi ya dukani. Mwanafunzi akishaifunika sura yake ataona uso haumsaidii tena, itabidi bega, shingo na mkono vifanye kazi yote.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, tumepewa kazi ya kuhoji wazee waliowahi kucheza ngoma au maigizo zamani. Bibi yangu alicheza lelemama, ile ngoma ya wanawake wa pwani, huko Tanga ila nikimuuliza anasema tu ilikuwa nzuri, basi. Nimuulizeje?
Mwanafunzi, Dar es Salaam

JIBU: Usimuulize ilikuwaje. Muulize alisimama upande gani, mbele yake nani na nyuma yake nani, kanga aliyovaa aliinunua nani, nani alitunga nyimbo, walimwimba nani mpaka akanuna, babu yako alikuwa anasemaje akirudi usiku. Kisha mwombe asimame akuonyeshe hatua mbili tatu kama magoti yanamruhusu, wewe simama pembeni yake ufuatishe, simu iwe mezani inarekodi. Na ukishamaliza kuandika nakala moja mrudishie, msomee mpaka mwisho, atakusahihisha sehemu nyingi tu, na hayo marekebisho nayo yaandike.