Maswali Yenu: Tope la Sabaki na Matuta ya Mbooni

SWALI: Mhariri, asalaam aleikum. Huku Mambrui jua lawaka na mvua hatujaiona, lakini mlangoni mwa mto Sabaki bahari imekuwa nyekundu. Udongo huu watoka wapi? – Mvuvi, Mambrui

JIBU: Waaleikum salaam, nahodha. Watoka juu, mbali na mawingu yako. Mto ni mmoja wenye majina matatu: Athi unakoanzia, nyanda za juu karibu na Nairobi, Galana ukishakutana na Tsavo, Sabaki unapokaribia Malindi. Njiani hupokea vijito vya mabonde ya Machakos na Makueni. Mvua za kwanza za vuli ndizo mbaya zaidi, maana huikuta ardhi uchi: mazao yalishavunwa na nyasi zimeliwa na mifugo.

Tope likishafika, upepo ndio huamua liende wapi. Kusi hulipeleka upande wa Ngomeni na Ghuba ya Ungwana. Kaskazi hulirudisha mbele ya mji wa Malindi, mpaka kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968, nayo matumbawe yakifunikwa hukosa mwanga. Wanaoulaumu mto wanauonea. Lawama ni ya mashamba yasiyokingwa.

SWALI: Na Tana je? Nao si watoka milimani? – Msomaji, Lamu mjini

JIBU: Watoka Aberdare na Mlima Kenya, ukaingia baharini karibu na Kipini. Tofauti ni mabwawa matano ya umeme yaliyoko njiani, yaliyojengwa kuanzia Kindaruma (1968) hadi Kiambere (1988). Masinga, la mwaka 1981, ndilo la juu kabisa, kwa hiyo ndilo linalomeza udongo mwingi. Kila tani linayoimeza inakalia nafasi ya maji.

SWALI: Nimeoa Mbooni, Makueni. Baba mkwe amenikatia robo eka mtelemkoni. Mimi mtu wa Faza, kisiwani Pate, mlima siujui. Jirani aniambia nichimbe matuta ya fanya juu kabla sijapanda chochote. Nianzeje? – Mkwe wa Mbooni

JIBU: Jirani yako mkweli. Fanya juu ni mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu uwe tuta. Kwanza pima mtelemko. Shika kamba ya mita 10 iliyolala sawa, ncha moja iguse ardhi upande wa juu, kisha pima kimo chini ya ncha ya pili. Ikiwa mita 2, mtelemko ni asilimia 20. Chukua robo ya 20, ongeza 2, zidisha kwa 0.3: unapata mita 2.1. Hicho ndicho kimo cha kushuka kutoka tuta hadi tuta, yaani kama mita 10 na nusu za kutembea.

Pili, fremu ya A, ya kutafutia mstari wa usawa: miti miwili ya mita 2, mmoja wa kukatiza katikati, na uzi wenye jiwe ukining'inia kileleni. Isimamishe, weka alama uzi unapogusa mti wa kati. Geuza miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa. Wengi huiruka hatua hii, na mstari wao hushuka bila wao kujua. Anza juu ya shamba, tembeza fremu ukipiga vigingi kila hatua.

Chimba mtaro wa sentimita 60 kwa 60, udongo wote uutupe upande wa juu. Kati ya mtaro na tuta acha ukingo wa sentimita 30, la sivyo udongo utarudi mtaroni. Ndani ya mtaro acha vizuizi vya udongo kila mita 5 hadi 10, ili maji yasikimbilie sehemu moja. Juu ya tuta panda nyasi za nepia mara mvua inapoanza. Mizizi ndiyo saruji yake.

Tuta huvunjika kwa mambo mawili makubwa. Moja ni sehemu iliyoshuka kidogo: maji huipata hiyo hiyo, yakapasua, na tuta la chini likafuata. Jingine ni maji ya barabarani au ya shamba la juu. Yakatize kwa mfereji kabla hayajaingia kwako, na ukubaliane na jirani yatakapotokea. Ng'ombe wazuie msimu wa kwanza. Kila mwaka zoa udongo uliojaa mtaroni, uongeze juu ya tuta. Kazi hii ni ya Agosti na Septemba, vuli isikukute na mtaro nusu.

SWALI: Tena mbona alfajiri bondeni baridi kuliko mlimani? – Mkwe yuyo huyo

JIBU: Ukipanda mita 100, joto hupungua kwa nyuzi 0.6 hivi, ndiyo maana Mbooni si Faza. Lakini usiku usio na mawingu na upepo, hewa iliyopoa huwa nzito, ikateremka na kutuama chini. Migomba basi ipande katikati ya mtelemko, si kwenye sakafu ya bonde.