Mvinje uliopigwa na ukame: ukwaruze kabla ya kuukata

Kiangazi kikirefuka, mivinje iliyopandwa kwenye ardhi iliyoliwa na maji, pale Marafa na kwenye miteremko ya Magarini, kaunti ya Kilifi, hugeuka rangi ya kahawia, na wenye shamba huanza kunoa mashoka. Tunawasihi wasubiri. Mvinje, ambao mtu wa bara huudhani msonobari, hupukutisha vijani vyake vya mfano wa sindano ili maji yasizidi kuupotea. Mti mkavu kwa macho huenda bado u hai.

Chukua kisu ukwaruze gome kwa upana wa ukucha: kwanza kwenye ncha ya tawi, kisha katikati ya shina, mwisho karibu na ardhi. Ukikuta kijani chenye unyevu, hapo pana uhai. Ncha zikiwa kavu na shina bichi, ondoa sehemu iliyokufa tu. Matawi mabichi yaache mpaka mvua ikolee, kwa kuwa ndiyo yatakayoulisha mti. Ukiwa mkavu hadi chini, ung'oe. Kisiki cha mvinje hakichipui vizuri kama cha mwarobaini, na anayekikata akitumaini machipukizi hupoteza msimu mzima. Gome likivimba, likapasuka na kutoa unga mweusi, huo ni ugonjwa wa kuvu unaovamia miti iliyodhoofika: ng'oa pamoja na mizizi, uchome mbali na shamba.

Lakini kukata na kung'oa ni kazi ndogo. Kazi yenyewe iko kwenye udongo. Tabaka la juu limeshakwenda, lililobaki limefanya ganda, na mvua ya masika hukimbilia korongoni kabla ya kuzama. Mizizi inayonyonya maji hubaki juujuu, nayo ndiyo ya kwanza kufa jua likiwaka. Basi ifikapo Machi, jenga tuta la nusu mwezi upande wa chini wa kila mti, mita 1 hadi 1.5 kutoka shinani, kimo sentimita 30, ncha zake zikitazama juu ya mteremko. Udongo wa tuta uchote nje ya duara hilo, usikate mizizi. Ncha zote mbili lazima ziwe usawa mmoja. Pima kwa mpira wa maji kama fundi anavyopima msingi. Ncha moja ikiwa chini, maji yote hutorokea hapo na kuchimba korongo jipya, na tuta likawa hasara kuliko kutokuwepo.

Vijani vilivyoanguka visifagiliwe wala kuchomwa. Vitandaze unene wa sentimita 10, ukiacha upana wa kiganja kuzunguka shina, maana mchwa hupenda kujificha humo. Vinaoza polepole sana. Bamburi, karibu na Mombasa, mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza mwaka 1971 kuotesha miti kwenye machimbo ya saruji, mvinje ulishika juu ya mwamba mtupu, lakini vijani vilirundikana tu mpaka alipoleta jongoo, wakavila na kuvifanya mboji. Kwa hiyo ukimwona jongoo shambani, mwache afanye kazi.

Miti iliyobanana mita 1 kwa 1 hunyang'anyana unyevu. Punguza hadi mita 2 kwa 2, yaani kama miti 1,000 kwa ekari, ukianza na iliyo dhaifu.

Kuziba mapengo, usikimbilie mvua ya kwanza. Fukua kidogo: unyevu ukifika sentimita 30, panda. Kwenye kitalu, changanya viriba na udongo kidogo kutoka chini ya mvinje wenye afya, kwani una bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi na kuupa mti naitrojeni. Miche isiyowapata hudumaa na kuwa ya manjano hata ukiimwagilia kila siku. Ile midogo iliyokwisha pandwa, ipe lita 20 kwa wiki kwa mkupuo mmoja, jioni. Kikombe cha kila siku hulowanisha ganda la juu tu na kuivuta mizizi ibaki huko huko juani.