Anang'ata Mkono Mpaka Unavimba: Nimpe Nini Badala Yake?

SWALI: Mwanangu ana miaka 6, ana usonji na maneno yake ni machache. Akikasirika, na hata akifurahi kupita kiasi, hung'ata mkono wa kulia chini ya kidole gumba. Pameota sugu, na sasa pamevimba na panatoa usaha. Kola za shati la shule anazitafuna mpaka zinatoboka. Tumemkemea, tumempaka pilipili, tumemvisha glavu. Tumnunulie nini? – Mama wa watatu, Morogoro

JIBU: Pole, mama. Kabla ya kununua chochote, mpeleke zahanati leo kwa ajili ya huo usaha, maana jeraha la meno ya binadamu huoza upesi. Ukiwa huko, omba aangaliwe masikio na meno, na useme kama hapati choo vizuri. Mtoto asiyeweza kusema "jino linaniuma" mara nyingi husema kwa kujiumiza.

Pilipili acheni kabisa. Itaishia machoni, na wapo watoto ambao mwili wao unatafuta msisimko mkali. Hao mtakuwa mmewaongezea kachumbari. Glavu nayo inaziba njia moja tu: ataitafuna hiyo glavu au atahamia mkono wa pili.

Hapo una tabia mbili, si moja. Kola ni taya zinazotaka kazi ya polepole na ya muda mrefu. Mkono ni mwili unaotaka mgandamizo mkali kwa ghafla. Kinachotuliza ya kwanza hakitatuliza ya pili, na ndiyo maana wazazi wengi hununua kitu cha kutafuna, wakaona mkono bado unang'atwa, wakakata tamaa.

Kwa siku 7 andika kwenye daftari: saa, kilichotokea kabla, alichofanya, na ninyi mlifanya nini baadaye. Ukikuta anang'ata kila televisheni inapozimwa, nanyi mnaiwasha tena ili anyamaze, basi ule ni usemi. Huyo anahitaji kadi yenye picha ya kuombea "bado kidogo", na kitu cha kutafuna hakitamsaidia.

Kwa kola, tafuta kitafunio cha silikoni inayofaa kwa chakula, kipande kimoja kisicho na sehemu iliyobandikwa, kirefu kuliko ngumi yake. Usikate mpira wa bomba kutoka duka la vifaa vya ujenzi; haukutengenezwa kwa ajili ya kinywa. Ukikosa silikoni, kata taulo la pamba sentimita 30 kwa 30, likunje, lipige fundo moja nene, lilowanishe na uliweke kwenye friza dakika 20. Tengeneza matano au sita ili kila siku liwepo safi, ulifue kwa sabuni na kulianika juani. Likianza kutoa nyuzi, litupe, kwani nyuzi humezwa. Usimvalishe mkufu wa kutafuna: mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya mikufu ya watoto ya aina hii kwa sababu ya kukaba koo. Kibanio kwenye shati chenye utepe usiozidi sentimita 15 kinatosha.

Chakula pia hufanya kazi, hasa kabla ya saa ngumu kama kuvaa sare: mkate uliokaushwa, vipande virefu vya embe bichi, au mtindi mzito anywe kwa mrija ili avute kwa nguvu. Ale akiwa amekaa, mtu mzima akiwepo.

Kwa mkono, jibu ni uzito na kubana. Mgandamize kwa viganja vyako kutoka begani hadi kabla ya kifundo, taratibu, mara 10, akijivuta, acha. Soksi nene iliyojazwa mchele gramu 250 na kushonwa mara mbili ni nzuri kwa kubinya, ila ikitoboka iondoe, punje zisiishie puani. Kidonda kikipona, mpe unga wa chapati akande dakika 10, au abebe dumu lenye lita 2 za maji mara chache kabla ya shule.

Sasa pale wengi wanapokosea: wanampa kitafunio *baada ya* kung'ata. Hapo anajifunza kwamba kung'ata huleta zawadi. Fundisha akiwa ametulia, dakika moja mara 10 kwa siku, kwa maneno mawili tu: "Tafuna hii." Kisha mpe unapoona dalili za mwanzo, labda kunguruma au kukaza mabega. Ukichelewa na meno yameshashika, usiuvute mkono, ngozi itachanika. Usukume kidogo kuelekea mdomoni, taya zitalegea.

Siku za kwanza tabia inaweza kuongezeka. Mwachie mwalimu kitafunio cha ziada kwenye kikopo chenye jina, la sivyo kitanyang'anywa kama mchezo. Na kama anayumbayumba au kupunga mikono bila kumuumiza mtu, mwacheni. Hilo linamtuliza na halidhuru, hata kama wageni wanashangaa.

SWALI: Binti yangu wa miezi 14 hugonga kichwa kwenye kitanda kila akilala, hata robo saa. Nimzungushie mito? – Baba Mwanaidi, Mombasa

JIBU: Mito hapana, baba, inaweza kumziba pumzi. Blanketi zito nalo si la umri huu. Kugonga kichwa wakati wa usingizi ni jambo la kawaida kwa watoto wadogo, na wengi huacha wakifika miaka 3 au 4. Kaza nati za kitanda kila wiki, kwa sababu mtikisiko huzilegeza. Usikisogeze kitanda nusunusu kutoka ukutani, pengo hunasa mtoto. Anachotafuta ni mdundo, basi mpe mapema: mpembeze dakika 10 kabla ya kulala, kwa mwendo uleule, ukimpigapiga mgongoni polepole. Akianza kugonga, usimkimbilie kila mara wala usimkaripie. Mwone daktari akigonga pia mchana, akijijeruhi, akikakamaa au macho kupinduka, au akipoteza maneno aliyokuwa nayo.