Kabla hujamgusa chatu, mjue ng'ombe

Kijana akija kujifunza kushona ala za visu kwangu, swali la kwanza huwa: "Fundi, ya ngozi ya mamba au chatu tutashona lini?" Namwelewa. Lakini ngozi ya chatu ni nyembamba, haiwezi kushika kisu peke yake. Hiyo ni nguo tu. Ala yenyewe ni ng'ombe, unene wa milimita 3 hivi, ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miwati. Ile laini ya mikoba, ya kromu, iache. Kisu kikilala humo kinashika kutu.

Shona kwanza ala tano au sita za ng'ombe mtupu, mpaka ukiipindua kisu hakidondoki.

Na usisahau ukanda wa katikati. Ule wa ngozi unaokaa kati ya pande mbili, upande wa makali. Mimi ala yangu ya kwanza ya chatu sikuuweka, nikaona unanenepesha kazi bure. Ilipendeza, nikaitembeza mtaa mzima. Wiki ya pili mteja akairudisha: makali yamekata uzi kwa ndani, mishono saba imeachia, ncha inachungulia nje. Nilimrudishia pesa yake, na chatu wangu ndiyo akaenda hivyo.

Ng'ombe ukishamlowesha na kumfinyanga kwenye kisu (kifunge kwanza kwa nailoni), mwache akauke kabisa. Akiwa na unyevu gundi haishiki. Kwangua uso wake kwa msasa, paka gundi ya viatu juu yake na upande wa ndani wa chatu, subiri mpaka ukigusa hainati, ndipo umbandike chatu. Ukishaweka hakuna kusogeza, kwa hiyo pima kwanza ua la mgongoni likae katikati.

Kabla ya kubandika, pitisha kidole juu ya magamba. Ukitoka kichwani kwenda mkiani, kidole kinateleza. Rudi kinyume: yanainuka na kukwaruza. Basi upande wa kichwa uwe mdomoni mwa ala, wa mkia uelekee nchani. Ukigeuza, kila shati linaposhuka juu ya ala linayainua, na baada ya miezi michache kingo za magamba zimesimama kama paa la makuti baada ya upepo.

Mamba ana tabu yake. Mgongoni ana vipande vya mfupa, utavunja sindano bure. Anza na tumbo. Toboa kwa msharasi, pale inapowezekana kati ya gamba na gamba, kisha shona kwa mkono, sindano mbili uzi mmoja. Mshono wa cherehani ukikatika mahali pamoja, unafumuka wote.

Usinunue ngozi ya mtu wa gizani. Mamba wa Nile, chatu na kenge wote wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini unaofanya kazi tangu 1975, na hapa Kenya kukutwa na ngozi isiyo na kibali ni kesi. Nunua kwa mfugaji mwenye leseni, risiti uiweke. Hata ala iliyokwisha kushonwa huenda ikadaiwa kibali mpakani. Mteja mmoja alitaka ya chatu ampelekee shemeji yake Ulaya. Nilimshonea ya ng'ombe aliyegandamizwa alama za magamba, na shemeji aliipenda vilevile.