Shibiti kwenye ndoo wakati wa kipupwe: mbona inalala, na iliyobaki inawahi maua?

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Niko Tabora mjini, napika samaki na kuuza achari ya matango, kwa hiyo nahitaji shibiti (dill, kiungo cha majani) mbichi kila wiki. Mwanzoni mwa Juni nilisia mbegu kwenye trei nikaiweka ndani, maana pakiti inasema mmea ukingwe na baridi. Baada ya wiki tatu nikahamishia miche kwenye beseni nje, kina chake kama sentimita 12. Mingi ililala ikafa. Iliyobaki ina futi moja tu na imeshatoa vitumba vya maua. Je, ni baridi ya usiku?

JIBU: Baridi haihusiki, dada. Onyo la pakiti ni la nchi zinazopata sakitu, yaani baridi ya kugandisha umande. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari; usiku wa Juni na Julai hushuka hadi nyuzi 15 hivi, na mchana hufika 27 au 28. Shibiti huistahimili hali hiyo vizuri kuliko joto la Oktoba. Kilichokuponza ni kuiweka ndani, kisha kuihamisha.

Ng'oa mche mmoja uliolala, utazame pale shina linapokutana na udongo. Ukikuta pamenywea, pamekuwa kahawia na pembamba kama uzi, hicho ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaopenda udongo uliolowa mahali pasipopita hewa. Shina likiwa zima ila refu na jeupe-jeupe, mche ulikosa jua tu ukashindwa kujibeba.

Kuhusu maua: shibiti ni jamii moja na karoti, ina mzizi mkuu unaoshuka wima. Ukihamisha mche wa wiki tatu, ncha ya mzizi hukatika. Kwenye beseni fupi, unaobaki unagonga chini. Mmea uliobanwa na wenye kiu huacha majani ukakimbilia mbegu. Upepo mkavu wa kipupwe huzidisha kiu hiyo. Wengi hudhani kukiwa na ubaridi udongo haukauki, kumbe chombo kidogo kinaweza kukauka kwa siku moja.

Vitumba vikishatoka, kuvikata hakutairudisha kwenye majani. Iache ikomae: vichwa na mbegu zake ni vizuri mno kwenye achari. Kwa majani, anza upya.

Chukua ndoo ya lita 20, itoboe matundu sita chini, unene wa penseli. Changanya makopo mawili ya udongo wa juu, moja la mboji au samadi iliyooza kabisa, na moja la mchanga. Udongo wako ukiwa tayari wa kichanga, mchanga uache. Lowesha kwanza, nyunyiza mbegu kama 12, kisha funika kwa udongo wa nusu sentimita tu, kwani mbegu hii huota vizuri ikipata mwanga. Ndoo ikae nje tangu siku ya kwanza, ipate jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku, kando ya ukuta unaokata upepo. Uso wa udongo usikauke hadi mbegu ziote, siku 7 hadi 14. Miche ikifika sentimita 5 bakiza minne. Ya ziada ikate kwa mkasi, ukiing'oa utatikisa mizizi ya jirani.

Mwagilia asubuhi. Chomeka kidole: pakiwa pakavu hadi kiungo cha kwanza, mimina mpaka maji yatoke matunduni. Yurea siipendekezi kabisa; utapata majani laini, harufu hafifu, na vidukari watajaa. Wakitokea, wapige kwa maji. Wakizidi, nyunyizia kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, na majani yasuuzwe vizuri kabla ya kupika.

Vuna kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8, majani ya nje kwanza, usizidishe theluthi ya mmea kwa mara moja. Kwa biashara yako ndoo moja haitoshi: sia nyingine kila baada ya wiki mbili au tatu, ya mwisho iwe mwishoni mwa Julai, ili umalize kuvuna kabla Oktoba haijaleta joto.